Hanania na Yeremia: Jinsi ya Kulipima Neno la Nabii



Tulipokwisha kusoma sura ya 28 ya chuo cha Nabii Yeremia katika darasa la Biblia, mzee mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, sisi twajua kwamba Hanania alisema uongo, kwa kuwa tumesoma mpaka mwisho. Lakini wale waliosimama Hekaluni siku ile hawakuwa na mwisho wa sura mikononi mwao. Wao wangalijuaje?" Sikuwa na jawabu lililo tayari. Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe juma moja." Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata katika juma lile, na nayaleta kwenu kwa sababu swali lake si la watu wa Yerusalemu peke yao. Ni letu sisi pia.

Kwanza tuyakumbuke mambo yenyewe. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli aliutwaa mji wa Yerusalemu, akamchukua Mfalme Yekonia uhamishoni, pamoja na wakuu, mafundi, na vyombo vya Hekalu. Habari ya kutwaliwa mji imo pia katika kibao cha udongo walichokiandika Wababeli wenyewe, ambacho kimehifadhiwa London katika nyumba ya makumbusho, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1956. Sedekia akatawazwa badala ya Yekonia. Katika mwaka wa nne wa kutawala kwake, Yeremia alikuwa akitembea na nira ya mti shingoni, kama ng'ombe wa kulima, kuwa ishara ya kwamba Yuda na mataifa jirani yawapasa kuinama chini ya Babeli.

Ndipo Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, aliposimama Hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Alisema kwa jina la Bwana kwamba nira ya Babeli imekwisha kuvunjwa, na ya kuwa muda wa miaka miwili vyombo vyote vitarudi, na Yekonia atarudi, na wahamishwa wote watarudi. Kisha akaitoa nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja watu wakitazama.

Sisi walimu tuna kosa moja tunapoifundisha habari hii. Twamchora Hanania kuwa mlaghai, mwenye macho ya hila, hata mtoto wa darasa la kwanza amtambue. Lakini mwandishi hakufanya hivyo. Katika maandiko ya Kiebrania Hanania huitwa "nabii", neno lile lile analoitwa Yeremia. Hufungua maneno yake kama Yeremia afunguavyo yake, na husimama mahali patakatifu. Waliofasiri chuo hiki kwa Kiyunani hapo kale ndio waliotia jina la "nabii wa uongo" tangu mstari wa kwanza. Naamini walitaka kumsaidia msomaji, walakini wamemwondolea kazi aliyopewa. Mwandishi wa Kiebrania alitaka tusimame katikati ya umati ule, tumwone nabii na nabii, na tusijue bado.

Tena Hanania hakusema mambo ya kipumbavu. Kibao kile cha Wababeli chatueleza kwamba katika mwaka wa kumi wa Nebukadneza palitokea maasi katika nchi yake mwenyewe, naye akayazima. Haukupita muda mrefu, na wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni wakawako Yerusalemu, kama tusomavyo katika sura ya 27. Yamkini watu wengi walinong'ona kwamba Babeli inatikisika. Zaidi ya hayo, yapata miaka mia moja nyuma, Nabii Isaya alikuwa amemwahidi Mfalme Hezekia kwamba Mwashuri hataingia Yerusalemu, na ikawa hivyo. Hanania aliweza kusema, "Mimi nafuata njia ya Isaya." Hapo ndipo palipo hatari. Neno lililokuwa kweli katika siku za Hezekia lilichukuliwa likasemwa tena katika siku za Sedekia, kana kwamba Mungu hana la kusema ila lile alilokwisha kulisema.

Basi watu wampime kwa kipimo gani? Wengi hujibu upesi kwa Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, ya kwamba neno lisipotimia halikutoka kwa Bwana. Ni kipimo cha kweli, lakini kikiwa peke yake hakitoshi, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba huja kikiwa kimechelewa. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, lakini miaka miwili si mifupi kwa mtu ambaye amekwisha kuliacha jembe lake kwa kumwamini nabii. Siku ya kujua ikifika, naye hana kitu.

Sababu ya pili twaiona katika sura ya 13 ya chuo hicho hicho cha Torati. Huko twaonywa kwamba hata ishara ya mtu ikitimia, naye akatuvuta tuiache njia ya Mungu, tusimsikilize. Basi kutimia peke yake si muhuri.

Sababu ya tatu ni kubwa zaidi. Wako manabii wa kweli ambao maonyo yao hayakutimia. Yona alitangaza kwamba baada ya siku 40 Ninawi utaangamizwa. Siku zikapita, na mji ukasimama. Mika alisema kwamba Sayuni utalimwa kama shamba. Na yapata miaka mia baadaye, wazee wa nchi walilitaja neno hilo walipomtetea Yeremia asiuawe, kama ilivyoandikwa katika sura ya 26. Je, walisema kwamba Mika alikosea? La. Walisema kwamba Hezekia alimcha Bwana, akaomba, na Mungu akayaghairi mabaya. Kwao Mika alikuwa nabii wa kweli, kwa kuwa watu walimsikia. Na Yeremia mwenyewe, nyumbani kwa mfinyanzi katika sura ya 18, alifundishwa ya kuwa Mungu akinena juu ya taifa, kulibomoa au kulijenga, neno lake hungojea taifa lile litageuka upande gani.

Hapa ndipo tupatapo maana ya unabii katika Maandiko. Wengi wetu twadhani nabii ni mtu apewaye kuisoma kalenda ya Mungu kabla ya wengine. Sivyo. Nabii ni mjumbe. Amekuja kuwaambia watu njia wanayoiendea inaishia wapi, ili wageuke wakingali na nafasi. Mtu apigaye kelele akimwona mtoto aelekea kisimani hafurahi mtoto akitumbukia ili ukelele wake uwe umetimia. Hufurahi mtoto akirudi. Yona alikasirika Ninawi uliposalimika, na chuo chake chaishia kwa Mungu kumkemea kwa hasira hiyo.

Sasa tumrudie Yeremia Hekaluni. Jambo la kwanza alilolisema baada ya Hanania ni Amina. Alitamani neno lile liwe kweli! Hakushindania sifa, wala hakuona haya kuonyesha kwamba moyo wake wapenda yale yale ayapendayo Hanania. Kisha akawakumbusha watu kwamba manabii wa zamani walizoea kuonya, na kwamba nabii wa amani hujulikana amani yake ifikapo. Na nira yake ilipovunjwa, hakupigana. Alikwenda zake. Baadaye ndipo alipopewa neno la kumjibu Hanania, kwamba nira za mti alizozivunja zitafuatwa na nira za chuma. Kwangu mimi, kule kwenda zake kimya ni kitu kikubwa kuliko vyote katika sura ile. Nabii wa kweli aliweza kungoja. Hakutunga neno ili asishindwe mbele ya watu.

Lakini yule mzee angaliweza kuniambia, "Mwalimu, hata upole waweza kuigizwa." Ni kweli. Basi na tuulize swali moja zaidi: kila mmoja wa manabii hawa aliwapa watu kazi gani?

Neno la Hanania halikuwadai watu kitu cho chote. Hakuna dhambi ya kuacha, hakuna mjane wa kutendewa haki, hakuna shamba la kupanda. Kuna kungoja tu, na kuhesabu miezi. Yeremia naye alitaja hesabu ya miaka, maana aliwaandikia wahamishwa kwamba ni miaka 70. Lakini tazameni tofauti ya hesabu hizi mbili. Mtu aliyeambiwa miaka miwili hafungui hata mzigo wake. Mtu mzima aliyeambiwa miaka 70 ajua kwamba yeye hataiona siku ile, basi imempasa kuishi. Ndiyo maana barua ile katika sura ya 29 yawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na kuuombea amani mji ule wa ugenini. Hanania aliwaondolea watu kazi ya leo kwa ajili ya kesho. Yeremia aliwapa kesho ili waifanye kazi ya leo.

Na yeye mwenyewe alilitenda alilolisema. Katika mwaka wa kumi wa Sedekia, jeshi la Babeli likiuzunguka mji, naye akiwa kifungoni, Yeremia alinunua shamba la Hanameli, mwana wa mjomba wake, huko Anathothi, kwa shekeli 17 za fedha. Hati zikaandikwa, zikatiwa muhuri mbele ya mashahidi, zikawekwa katika chombo cha udongo zipate kudumu. Mtu aliyehubiri kwamba mji utaanguka alikuwa akinunua ardhi! Kwa kuwa hukumu haikuwa mwisho wa neno la Mungu. Mji ukaanguka kweli, na mwaka 539 kabla ya Kristo Babeli nao ukatwaliwa na Koreshi. Yekonia, ambaye Hanania aliahidi kurudi kwake, alitolewa gerezani katika mwaka wa 37 wa kuhamishwa kwake, akala chakula mezani pa mfalme wa Babeli. Biblia haisemi kwamba aliwahi kuiona Yerusalemu tena.

Sasa, ndugu zangu, tuyalete mambo haya barazani kwetu. Tarehe 17 Machi mwaka 2000, huko Kanungu katika nchi ya Uganda, mamia ya watu waliteketea kanisani mwao. Viongozi wao walikuwa wamewafundisha kwamba mwisho wa dunia umekaribia, na wengi walikuwa wameuza mali zao. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto wengi. Waumini walikuwa wameingia msituni wafunge kula mpaka kufa, wakitumaini kumwona Yesu. Watu hawa hawakuwa wapagani. Walikuwa na Biblia. Walikuwa wakiisoma pamoja na wale waliowaambia kwamba mlango u karibu kufungwa.

Mtu aweza kunijibu kwamba Bwana Yesu naye alimwambia tajiri auze vyote alivyo navyo. Ndivyo, lakini alimwambia awape maskini. Hakumwambia amletee yeye fedha.

Basi, mzee wangu, jawabu langu ni hili. Waliosimama Hekaluni hawakuweza kujua yatakayotokea baada ya miaka miwili, wala hawakutakiwa kuyajua. Waliweza kuuliza: Neno hili lanitaka nitubu nini? Lampa nini jirani yangu? Anenaye anapata faida gani nikimwamini? Laweza kungoja na kupimwa, au lanikimbiza nisipate kufikiri? Na je, lanirudisha shambani kwangu na kwa watoto wangu, au laniondoa huko? Maswali haya hayahitaji mwisho wa sura. Mtu aweza kuyauliza siku ile ile, akiwa amesimama katikati ya umati.

Na mkimwona mtu awaambiaye kwa jina la Bwana kwamba msilime mwaka huu, kumbukeni zile shekeli 17 za Anathothi, mkanoe majembe yenu.