Bedford Uani

Lori la jeshi huundwa na watu wanaojua fika kwamba litaharibika. Litaharibika mbali na karakana, kwenye tope au mchanga, pengine usiku, na atakayelitengeneza ni askari wa kawaida mwenye sanduku la spana na tochi. Kwa hiyo vyuma vyake ni vinene, nati zake zinafunguka kwa spana za mkono, na kifaa kilichochakaa kinatolewa, kinasafishwa na kurudishwa, si kutupwa. Ndiyo maana naamini hakuna gari linalomfaa fundi wa kijijini kuliko lori kuukuu la jeshi. Fundi wa Endagikot, Mbulu, anayelifufua uani kwake, kwa fedha ya vitunguu saumu, anafanya kazi ileile iliyokuwa kichwani mwa waliolichora.

Chukua Bedford RL. Vauxhall ya Uingereza iliyatengeneza malori haya kuanzia miaka ya 1950 mwanzoni, zaidi ya 70,000 kwa jumla, yakatumiwa na jeshi la Uingereza na majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola. Injini yake ni ya petroli, silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, lita 4.9. Linavuta kwa magurudumu yote manne. Ubora wake mkubwa kwa mtu asiye na fedha ni kwamba lina ndugu wa kiraia: Bedford aina ya S, lori la mizigo la kawaida, ambalo RL ilichukua kwake vifaa vingi. Fundi akikosa spea kwenye mzoga wa jeshi, anakwenda kuitafuta kwenye mzoga wa raia. Jambo jingine dogo watu wa Mbulu watalipenda. Sehemu ya injini imeingia ndani ya kebini, katikati ya dereva na utingo, na Julai, baridi ya huku juu inapoumiza vidole, anayeendesha Bedford anaota moto akiwa safarini.

Mshindani wa kwanza wa fundi ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hana habari na historia ya gari. Analitazama kwa kilo. Chesisi nzuri, difu mbili nzima, giaboksi ambayo ingedumu miaka mingine ishirini, vyote vinakatwa kwa gesi na kupakiwa. Fundi mwenye jicho huwahi kabla ya mtungi wa gesi kufika. Hanunui rangi wala viti. Analala chini ya gari mgongo ukiwa kwenye majani, anagonga chesisi kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, anasikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti butu. Chesisi ikilia vizuri, mengine yote ni suala la muda.

Na muda, huku kwetu, ndio mtaji. Mwenye fedha hununua injini iliyofanyiwa kazi na mwingine. Asiyenazo huanza na ile iliyoganda. Anafungua plagi zote, anamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya kila silinda, anafunika, anaondoka kwenda shambani. Dizeli inapenya taratibu kati ya ringi na ukuta wa silinda. Baada ya siku kadhaa anaweka spana kwenye nati ya mbele ya krenki, anaichomekea bomba refu, anasukuma kidogo, anarudisha kidogo. Halazimishi. Anayelazimisha hupinda konrodi, na bei ya kazi inapanda mara moja. Siku krenki inapokubali kusogea, hata kwa upana wa kidole, ujue injini hiyo inaweza kuwaka tena.

Kuna kazi moja ningependa kila kijana wa shule aione angalau mara moja: kukata gasketi kwa nyundo. Gasketi za magari ya umri huu hazipatikani madukani. Fundi ananunua karatasi ya gasketi, anaitandaza juu ya mdomo wa pampu ya maji iliyosafishwa hadi kung'aa, na kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo anaanza kugongagonga pembeni. Hapigi kwa nguvu. Ukingo wa chuma wenyewe ndio unaokata. Anaanza na matundu ya bolti. Kila tundu likitoboka anachomeka bolti ili karatasi isihame, kisha anafuata mzingo wa nje. Ikiisha, ananyanyua karatasi yenye umbo la pampu ile na si nyingine yoyote, kwa gharama isiyozidi soda chache. Kwenye silinda hedi hafanyi hivyo. Pale joto na mgandamizo ni vikubwa, kwa hiyo gasketi yake hutafutwa Arusha au Gerezani, Dar es Salaam, na fedha itoke popote itakapotoka.

Spana nazo zina elimu yake. Bedford ni gari la inchi, ilhali vijana wengi wamejifunzia kwenye magari ya Kijapani na masanduku yao yamejaa spana za milimita.

"Mzee, kumi na tatu inateleza."

"Iache, kijana wangu. Utaila kichwa nati. Lete ile ya nusu inchi, imeandikwa kwa sehemu."

Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ni nyembamba kuliko kucha, lakini kwenye bolti iliyokaa na kutu miongo mitano, wembamba huo unatosha kuharibu asubuhi nzima. Wazee wenye spana za inchi wanazidi kupungua, na kwa maoni yangu sanduku la namna hiyo linastahili kurithishwa kwa uzito uleule wa shamba.

Kubana matumizi kuna mpaka, na mpaka huo ni breki. Bodi unaweza kuijenga kwa mbao za mkaratusi uliokatwa kwenye boma lako. Bushi unaweza kumpa mchonga vyuma akaichonga kutokana na kipande cha zamani. Lakini raba za masta silinda, mabomba ya breki na lainingi hununuliwa mpya. Anayejua mteremko wa Magara, barabara inapoacha nyanda za juu za Mbulu kushukia bonde la Manyara, hahitaji kuelezwa. Lori lenye tani kadhaa linashuka pale kwa gia nzito tangu juu, na breki zinaguswa, hazikanyagwi mfululizo, maana lainingi zikipata moto haziumi tena.

Ubishi usiokwisha gereji ni kuhusu injini. Wapo wanaosema lori la kale libaki na petroli yake, vinginevyo umetengeneza gari lingine. Nawaheshimu. Lakini lita 4.9 za petroli zinakunywa faida yote kabla gunia la kwanza halijafika mnadani, na gari lililofufuliwa kisha likaegeshwa kwa kukosa mafuta limekufa mara ya pili. Injini ya dizeli ya Perkins, silinda sita, imewahi kufungwa kwenye Bedford nyingi na inakaa. Ningeifunga.

Mashine za vita kurudi shambani si jambo geni nchini. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza mradi wa karanga Kongwa, kampuni ya Vickers ilitumia vyuma vya vifaru vya Sherman kutengeneza matrekta yaliyoitwa Shervick. Mradi uliachwa mwaka 1951 ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba, spea hazikutosha, na mashine zilitangulia mafundi wa kuzihudumia. Endagikot mpangilio ni kinyume chake: fundi yupo tayari, anasubiri mashine. Safari ya kinyume, kutoka shambani kwenda vitani, nayo ilikuwapo. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, malori ya raia na ya mashirika ya umma yalichukuliwa kupeleka askari mbele, na madereva wake wakajifunza njia za vitani kwa usukani walioushika wakibeba mahindi.

Rangi inakuja mwisho. Hapa fundi hana uhuru mkubwa, na ni sawa. Vazi la jeshi na alama za jeshi si vya raia. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha, na mwenye busara hasubiri kuulizwa kuhusu lori. Kijani kinapigwa msasa hadi chuma kionekane, alama na namba za zamani zinaondoka zote, inafuata praima, kisha buluu au nyeupe au rangi yoyote ambayo haitamchanganya askari wa barabarani. Mchoraji anaitwa siku ya mwisho na brashi yake nyembamba, aandike mlangoni jina la mwenye gari, sanduku lake la posta, Mbulu, na chini yake uzito wa lori likiwa tupu.