Zahanati ya Maboksi

Mada ya watu wanaotusaidia katika jamii hufundishwa karibu kila darasa la awali, na mara nyingi huishia kwenye kofia. Mwalimu hukesha akikata kofia za polisi, asubuhi watoto wanazipaka rangi, mchana wanarudi nazo nyumbani. Zinapendeza, sikatai. Lakini kazi ya mikono ilikuwa ya mwalimu, na kuhusu kazi ya polisi mtoto hakuambulia kitu.

Darasa moja la Dar es Salaam nililoketi nikalitazama lilipita njia nyingine. Mwalimu aliwaacha kando askari wa zimamoto, kwa kuwa watoto wengi wa mtaa ule hawajawahi kuliona gari lao. Alichagua zahanati, mahali ambapo kila mtoto amewahi kulia. Akawauliza: ukifika getini, nini kinafuata? Wakataja mapokezi, kadi, mzani, daktari, sindano, dirisha la dawa. Mfuatano huo ndio ukawa mpangilio wa kona: mkeka wa kusubiria, meza mbili, na boksi kubwa lililotobolewa dirisha.

Zana zilitengenezwa baada ya mchezo kuanza, na kwangu huo ndio ufundi wenyewe. Siku ya kwanza kona ilikuwa karibu tupu. Muuguzi alipotaka kumpima mtoto wa kitambaa akakosa mzani, wakaketi kuufikiria. Wakapata fimbo iliyoning'inizwa kwa kamba ya katani, kanga ikafungwa upande mmoja kama ule mfuko wa kliniki, upande wa pili kikapu cha mawe. Fimbo ilipolala sawa, wakahesabu mawe na kuyachora kwenye kadi. Hesabu na kuandika viliingia humo humo bila kutangazwa.

Kipimo cha moyo kilikuwa kisoda na kamba. Mwalimu aliponda kingo za kisoda kwa jiwe kwanza, akatoboa tundu mwenyewe kwa msumari. Sindano ilikuwa kijiti. Bomba halisi la sindano, hata jipya, alilikataa kabisa: mtoto aliyelizoea darasani ataliokota jalalani. Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano, wenye chumvi kidogo usiote ukungu haraka.

Mwongozo wa serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa lile lilizidi. Kwa hiyo wanane tu waliingia zahanati kwa zamu, wengine wakawa kwenye udongo, kuchora kadi na kujenga. Kabla ya kuanza kila mmoja alisema atakuwa nani. Baada ya kumaliza alieleza alichofanya. Utaratibu huo wa kupanga, kutenda na kukumbuka ulikuzwa na David Weikart na wenzake huko Ypsilanti, Michigan, katika miaka ya 1960. Pwani yetu iliupata kupitia shule za awali za madrasa, zilizoanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda. Huko nako vifaa vilitoka mazingira ya karibu.

Kilichonivutia zaidi ni lugha. Mama wa mgonjwa alisema, "Shikamoo daktari," na daktari, rika lake kabisa, akaitika, "Marahaba mama, mtoto anasumbuliwa na nini?" Dakika tano nyuma walikuwa wakinyang'anyana kalamu. Kofia isingewapa hilo. Lilikuja kwa sababu daktari alikuwa na mgonjwa wa kumhudumia. Msaidizi asiye na wa kumsaidia amevaa sare tu.

Kisha mgonjwa akafika dirishani. Mfamasia akachungulia, akasema kwa sauti kavu ya mtu mzima: "Dawa zimeisha. Njoo kesho."

Mimi nilicheka. Mwalimu hakucheka wala hakumsahihisha. Alisogea na kikapu kichwani kama mteja mwingine, akauliza, "Sasa nani atazileta?" Kimya kidogo. Mfamasia akaomba karatasi, akachora vidonge vitatu na chupa moja, akamwita mtoto aliyekuwa akijenga kwa mbao. Yule akapanda kigoda kama bodaboda, akaipokea karatasi, akauliza nauli ni shilingi ngapi.