Kwaki Iliyorogwa: Maoni Juu ya Neno Moja la Fizikia

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho kazi ya kufasiri kurasa mbili za kitabu cha fizikia kutoka Kifaransa. Hapa kwetu Burundi sayansi za sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiswahili hubaki somo la lugha. Nilitaka waone jinsi kinavyojimudu kinapotolewa nje ya hadithi na methali. Mwanafunzi mmoja aliandika: "kwaki iliyorogwa". Nilicheka, nikapiga mstari mwekundu, nikamkata maksi tano. Siku chache baadaye, baada ya kuketi na mwalimu wa fizikia na kamusi tatu mezani, kicheko kiliniisha.

Tuanze na kitu chenyewe. Kiini cha atomu kimeundwa kwa protoni na nyutroni. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann, mwanafizikia wa Marekani, alipendekeza kwamba protoni na nyutroni nazo zimeundwa kwa vitu vidogo zaidi, vitatu vitatu. Mwaka huo huo George Zweig, akifanya kazi Geneva, alifikia wazo hilo hilo pasipo kushauriana naye, ila yeye aliviita kwa jina la ile karata yenye alama moja. Jina la Zweig lilikufa, la Gell-Mann likaishi. Jambo lililowashangaza wengi ni chaji ya vitu hivyo: mmoja una theluthi mbili za chaji ya protoni, mwingine una theluthi moja iliyo hasi. Chukua viwili vya kwanza na kimoja cha pili, ujumlishe: unapata moja kamili, nayo ndiyo protoni. Majaribio ya Stanford ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo elektroni zilirushwa kwa kasi kubwa juu ya protoni, yalionyesha kwamba kweli ndani yake mna vijinukta vigumu. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuikamata kwaki moja ikiwa peke yake.

Jina je? Gell-Mann mwenyewe alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba alianza na sauti tu kichwani, bila tahajia. Kisha, akipekua riwaya ya James Joyce iitwayo *Finnegans Wake*, iliyochapishwa mwaka 1939, akalikuta neno *quark*. Katika kitabu hicho ni ndege wa baharini wanaomzomea Mfalme Mark, yule mzee wa ngano za kale aliyenyang'anywa mchumba na mpwa wake Tristan, nao wanamtakia *quark* tatu. Tatu! Ndiyo idadi aliyokuwa akiitafuta Gell-Mann, maana wakati ule aina zilizohitajika zilikuwa tatu. Tatizo lilikuwa matamshi. Katika Joyce neno linaambatana kwa vina na jina la mfalme, ilhali yeye alitaka litamkwe karibu na neno la Kiingereza la kipimo cha kinywaji. Akajitetea kwamba anayeota ndoto ya kitabu kizima ni mwenye baa, na huenda sauti za wateja wanaoagiza vinywaji zimeingia usingizini mwake. Utetezi wa kijanja, nami siuamini sana, lakini aliyezaa ndiye mwenye haki ya kutaja jina.

Wapo walimu wenzetu wanaodai kwamba neno kama hili halifai kuingizwa katika Kiswahili, kwa kuwa halina maana hata huko lilikotoka, na kwamba tuna "chembe" yetu inayotosha. Sikubaliani nao hata kidogo. Chembe ni neno zuri lenye kazi nyingi: tuna chembe ya mtama, chembe ya mchanga, chembe ya moyo, hata chembe cha mshale. Kwa sababu hiyo hiyo limekwisha shughuli. Protoni ni chembe, elektroni ni chembe, kwaki ni chembe. Tukiipa moja jina la jumla, nyingine tutaziitaje? Tena neno lenye maana huweza kumdanganya mtu. Atomu kwa Kiyunani ni kitu kisichokatika. Jina lilikuwa na maana safi kabisa, na tangu Thomson alipoithibitisha elektroni mwaka 1897 jina hilo ni uongo tunaoutamka kila siku darasani. Kwaki haikuahidi kitu, na hivyo haijavunja ahadi. Ile "tatu" iliyomvutia Gell-Mann ilikwisha kuporomoka: aina ya nne ilionekana mwaka 1974, ya tano mwaka 1977, ya sita mwaka 1995. Neno halikutikisika.

Kuhusu tahajia, wengine huandika "kwarki". Mimi nachagua "kwaki". Kiswahili kilipolipokea lile neno la Kiingereza lenye sauti moja na jina la Mfalme Mark, kiliitupa r na kupata maksi; kadhalika tunasema kupaki gari. Na iwe katika ngeli ya atomu na protoni: kwaki hii, kwaki hizi.

Ugumu hasa hauko kwenye kwaki. Uko kwenye majina ya aina zake sita, kwa kuwa hayo yana maana, na yalitolewa kwa mzaha. Mbili za kwanza Waingereza huziita kwa maneno ya kuelekea juu na kuelekea chini. Mbili za mwisho huitwa kwa maneno ya sehemu ya juu kabisa na sehemu ya chini kabisa. Mfasiri asiyeangalia ataandika juu, chini, juu, chini, na mtihani mzima utavurugika. "Kilele" linaokoa ya sita. Kwa ya tano nilisoma "tako" katika karatasi mbili, nami nawaomba walimu wafikirie darasa la vijana wa miaka kumi na saba kabla ya kulipitisha. "Kitako" lina heshima zaidi, na linabaki na wazo la kukalia.

Aina ya tatu imenipendeza kuliko zote. Jina lake lilianzia kwenye chembe zilizogunduliwa tangu mwaka 1947 katika miale itokayo angani, ambazo zilidumu muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Wanafunzi wengi waliandika "kwaki ya ajabu". Si kosa. Lakini sifa hiyo hupimwa kwa namba, na "ajabu" halihesabiki kwa urahisi. "Geni" linatupa "ugeni", na ugeni unaweza kuwa sifuri, mmoja au miwili. Tena chembe zenyewe zilifanya yale ya mgeni wa methali yetu, anayepewa jembe siku ya tatu: zilipitisha muda wao nyumbani kwa watu.

Sasa turudi kwa yule aliyerogwa. Aina ya nne ilipewa jina mwaka 1964 na James Bjorken na Sheldon Glashow, miaka kumi kabla haijaonekana, kwa kupendezwa na ulinganifu iliouleta katika hesabu zao. Neno la Kiingereza lina maana ya haiba, na pia ya uganga na hirizi. Vitabu vya Kifaransa hulitumia katika umbo linalosomeka kama mtu aliyevutiwa au aliyefanyiwa uchawi. Mwanafunzi wangu, basi, alisoma Kifaransa chake sawasawa. Alichokosa ni historia ambayo mimi pia sikuijua nilipokuwa nikimcheka. "Mvuto" haliwezekani, maana katika fizikia mvuto ni kani. Nashauri "haiba": kwaki haiba.

Na kuna "rangi", neno linalonitia hofu kuliko kuroga. Kila kwaki husemwa kuwa na moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani au buluu, na tatu zikikutana katika protoni hufutana kama mianga mitatu inavyotoa weupe. Ni mfano tu. Kwaki ni ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, haiwezi kuwa na rangi yoyote ya macho. Katika karatasi ishirini na mbili, kumi na nne zilikuwa na michoro ya vijiduara vilivyopakwa rangi, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba rangi hiyo si rangi. Mchawi alicheka kila mtu. Hawa hakuna aliyewashuku, pamoja na mimi niliyewapa alama ya vema. Kitabu cha Kiswahili kitakachoandikwa kiseme "chaji ya rangi" kila mara, ijapokuwa ni kirefu.

Zile maksi tano nimemrudishia kijana, mbele ya wenzake. Aliuliza kama sasa aandike haiba. Nilimwambia aandike haiba, na pembeni aeleze kwa nini aliandika kurogwa.