Wasifu wa Marehemu Nao ni Fasihi

Hapa Singida kuna aina moja ya maandishi ambayo kila mtu ameisikia na hakuna anayeihakiki. Ni wasifu wa marehemu: ile karatasi moja au mbili inayosomwa msibani, watu wamekaa chini ya turubai, jeneza liko mbele. Ikishasomwa inakunjwa, inatiwa mfukoni, basi. Kwa walimu, makatekista na wachungaji wengi wa mkoa huu, karatasi hiyo ndiyo kitabu pekee watakachowahi kuandikiwa. Ndiyo maana nataka tuisome kama tunavyosoma vitabu vingine.

Umbo lake tunalijua kwa moyo. Kuzaliwa, kubatizwa, shule, vituo vya kazi, vyeo, ndoa, ugonjwa, hospitali, saa ya kufariki, mjane, watoto na wajukuu. Umbo hili lina heshima yake. Mkulima na mkuu wa shule wanapitishwa njia moja, na mgeni aliyetoka mbali anapata picha ya haraka. Tatizo ni jinsi nafasi inavyogawanywa. Nimewahi kusikiliza wasifu wa mwalimu aliyefundisha zaidi ya miaka 30. Ugonjwa wake ulipewa nusu ukurasa. Darasa lake lilipewa sentensi moja, kwamba alifanya kazi kwa bidii na upendo. Tuliondoka tukijua kila hospitali aliyolazwa, lakini hatukujua alivyomfundisha mtoto kugawanya, wala alikuwa mkali au mcheshi. Jamani, huyo ni mwalimu gani? Angeweza kuwa yeyote.

Mtu anaweza kuniambia, huku kwetu hakuna utamaduni wa kuandikwa. Si kweli. Wanyaturu wameandikwa sana. Mjerumani von Sick aliandika juu yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mmisionari Howard Olson alichapisha utafiti wake wa Kirimi, yaani Kinyaturu, mwaka 1964. Harold Schneider alitoa kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu wa Wahi mwaka 1970, na Marguerite Jellicoe akaandika juu ya mabadiliko ya jamii hiyohiyo mwaka 1978. Ni kazi za thamani, nazo hazijifichi: shabaha yake ni lugha na jamii. Ukitaka kujua viambishi, ng'ombe wa mahari au mgawanyo wa kazi, utapata. Ukimtafuta mtu mmoja, mwenye jina, hasira na utani wake, akianza utoto mpaka uzee, hapo unarudi kwenye ile karatasi ya msibani.

Jirani zetu wametutangulia. Wagogo, ambao pia ni wenyeji wa Manyoni katika mkoa wetu huu, walimpata Mathias Mnyampala, aliyechapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954. Baadaye alitokea Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa Dodoma, ambaye kwa juhudi zake mwenyewe alikusanya na kuandika majuzuu ya historia za koo na maisha ya watu wa kwao. Mwanahistoria Gregory Maddox alishirikiana naye, na mwaka 2006 kikatoka kitabu kiitwacho Practicing History in Central Tanzania. Ninachompendea Kongola ni kwamba hakungoja chuo kikuu kimpe ruhusa. Katika kazi yake ukoo, kanisa na taifa vinakaa pamoja, kama vinavyokaa katika maisha ya mtu wa kawaida. Singida ina wastaafu wa namna yake wengi tu. Kalamu wanazo.

Kwa mbali zaidi, watazame watu wa Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa England. Mwaka 1953 walitoa kamusi ya maisha ya watu wao, Y Bywgraffiadur Cymreig, kwa lugha yao wenyewe kwanza. Toleo la Kiingereza lilifuata mwaka 1959. Humo wamejaa wachungaji, walimu na washairi, na habari za wengi wao ni fupi, hazizidi wasifu wetu wa msibani. Kwa hiyo tusisingizie ufupi. Aya tatu zinamtosha mtu, mradi mwandishi ajue cha kuweka.

Sasa, cha kuweka ni kipi? Mwalimu wetu wa hili tunaye: Shaaban Robert. Katika Wasifu wa Siti Binti Saad anaanza na umaskini wa Fumba na kazi ya vyungu. Hauruki udongo ili awahi sifa, na ndiyo maana sifa zikija tunazipokea. Kitabu hicho kina kasoro: anapenda mno kuhubiri, na kuna mahali Siti anageuka somo la adili na mwanamke mwenyewe anafifia. Lakini kazi ya mikono ipo. Nayo Maisha Yangu, pale anapomwandikia Amina, mkewe aliyefariki, inaonyesha kwamba huzuni inaweza kuandikwa bila kutaja kila daktari.

Wasifu zetu huruka mambo matatu, na yote ni mazito. La kwanza ni kazi yenyewe, nimeshasema. La pili ni wakati. Utasikia "mwaka 1974 alihamishiwa kijiji fulani", kisha msomaji anaendelea kama vile ulikuwa uhamisho wa kawaida. Huo ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji! Watu waliacha nyumba na mashamba. Mwalimu huyo alihamasisha? Alikaa kimya? Alificha familia ya mtu? Tunaogopa kwa sababu marehemu hasemwi vibaya, nami naiheshimu adabu hiyo. Ila kusema mtu alibanwa pande mbili si kumsema vibaya.

La tatu ni wanawake. Mke wa mchungaji huonekana mwishoni kabisa, akiwa mjane. Yeye aliyelima mtama, aliyepika kwa wageni wa sinodi, aliyefundisha watoto Jumapili mume akiwa safarini, anahesabiwa pamoja na walioachwa. Siku yake ikifika, karatasi yake itasema alikuwa mke wa mchungaji.

Kizazi kilichoingia madarasani wakati wa Elimu kwa Wote, kikafundisha chini ya miti, sasa kimezeeka. Wasifu wao utaandikwa usiku wa msiba, na mjukuu mwenye simu, akiwauliza watu wanaolia. Utatoka vilevile. Dawa ni kuandika mapema, mwenyewe akiwa hai na ana uwezo wa kukubishia. Muulize alifundishaje, aligombana na nani na kwa nini, na nani alimshika mkono. Toa nakala tatu: moja ya familia, moja ya shule, moja ya ofisi ya usharika.

Nami kuanzia sasa nitazihakiki hapa. Ukiwa na wasifu mzuri wa mwalimu au mchungaji wa Ilongero, Kiomboi, Ikungi au Manyoni, na familia imeridhia, ulete. Tutausoma kama kitabu.