Mwiko wa Mwashi

Iringa ni mji uliobeba jina la ukuta. Wahehe ngome huiita lilinga, na lilinga iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, ambako mtawala wao, Mtwa Mkwawa, alizungushia makao yake ukuta wa mawe. Jeshi la Wajerumani liliiteka tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 Tom von Prince akaanzisha mji mpya kilimani, na mji huo ukarithi jina la kilichobomolewa bondeni.

Huko kilimani ndiko liliko Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 liwe hospitali, Waingereza wakalifanya ofisi ya utawala, na tangu 2016 ni makumbusho. Kila nikipita pale nalifikiria hilo neno lenyewe. Boma lilikuwa ua wa miiba wa kulazia ng'ombe, likawa ngome, likawa ofisi ya serikali. Hata leo maharusi wasiopitia kwa padri wala shehe twasema wamefunga ndoa bomani. Kule Tukuyu, kuta za boma la Wajerumani bado zimo ndani ya ofisi za halmashauri ya Rungwe. Watu hufuatilia mambo yao mle bila kuzitazama.

Mimi huzitazama, kwa sababu kila utawala uliokaa humo ulikuta mwashi ameshatangulia.

Ulaya nako waashi ndio walioipa miji uso. Leuven, Ubelgiji, ukumbi wa mji ulijengwa kati ya 1448 na 1469 kwa mtindo wa Kigothi, jiwe likachongwa hata likafanana na kitambaa cha kudariziwa. Lakini moyo wangu uko Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Nchi ile ni tambarare, mawe ya kujengea ni adimu. Waashi wake wakachoma udongo, na kwa tofali wakainua ukumbi wa mji na makanisa marefu. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa habari hizo. Ukisafiri kutoka Mafinga hadi Mbeya unaona matanuru ya tofali pembeni mwa mashamba, moshi ukitoka ubavuni.

Nimewahi kukaa siku nzima kwenye tanuru moja nje ya mji wa Iringa. Udongo ulikuwa umelazwa na maji, ukakanyagwa kwa miguu hadi ukanata. Mzee mmoja alichota donge, akalipiga ndani ya kalibu kwa nguvu ili pembe zijae, akapitisha kijiti juu kuondoa ziada, akafyatua. Baadaye alichukua matofali mawili yaliyokwisha kuiva, akayagonganisha karibu na sikio langu. Yalilia kama chungu kizima. Akagonganisha mengine mawili, yakatoa sauti ya kufa. "Haya hayakuiva katikati, mwanangu. Mvua ikija yanarudi kuwa udongo."

Ila kazi inayonishangaza kupita zote ni tao. Fundi husimamisha kwanza mbao zilizokatwa kwa umbo la upinde, kisha hupanga matofali kutoka pande zote mbili, kila moja likiliegemea jingine, mpaka linaloingia katikati na kuyafunga yote. Uzito wa ukuta hugeuzwa, ukashuka kandokando. Waashi wa Kigothi walilichonga tao likawa na ncha juu. Likapunguza kuzisukuma kuta nje, na madirisha yakaweza kuwa makubwa.

Tao nililoliona likijengwa lilikuwa la mlango wa baraza, nyumba ya kawaida kabisa. Baada ya siku kadhaa fundi alirudi kuondoa mbao. Aligonga kabari moja, akangoja. Akagonga ya pili. Mchanga kidogo ulidondoka, kisha kimya. Alizivuta mbao zote, akaweka mwiko chini, akaingia akasimama katikati ya mlango, chini ya tofali lile la kufungia, akaangalia juu.