Ustadi wa Kuhifadhi Siri za Watu

Miongoni mwa kazi wazisomeazo vijana wetu wa Unguja siku hizi, iko moja ambayo haijapata sifa iistahikiyo, nayo ni kazi ya kulinda taarifa zilizomo katika kompyuta na simu. Ni kazi ambayo ikitendwa vyema haionekani, na mtendaji wake akiifikisha jioni salama hana cha kumwonyesha mtu ila kwamba kila kitu kipo pale kilipokuwapo jana. Kijana wa Mkokotoni asomaye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambaye likizo kubwa iwadiapo hupelekwa ofisini kujifunza kazi hiyo mikononi mwa mafundi, huingia katika uanagenzi wenye heshima sawa na uanagenzi wowote uliopata kuwako katika pwani hii.

Somo lake la kwanza si la mashine, bali ni la idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, itumikayo Bara na Visiwani, humtia hatiani aingiaye kwa makusudi na bila ya haki katika mfumo wa kompyuta, hata kama hakuiba wala hakuharibu. Kwa hiyo mwanagenzi hagusi kitu mpaka apate ruhusa ya maandishi, yenye mipaka iliyotajwa. Naona hekima kubwa katika utaratibu huu, maana mtu afundishwaye hila zote za mwizi ili azizuie, lazima kwanza afungwe na amana.

Kisha hupewa kumbukumbu za mfumo azisome, maelfu ya mistari isiyo na ladha, kila mmoja ukieleza nani aliingia, kutoka wapi, na saa ngapi. Hapa mtoto wa Kiswahili hukutana na mtihani ambao vitabu vya kigeni havimwonyi. Mashine nyingi huandika wakati kwa majira ya Greenwich, yaliyo nyuma ya majira yetu kwa saa 3, nasi tena tunazo saa zetu za kuhesabu tangu macheo. Mstari ulioandikwa 05:30 humfanya msomaji mwenye pupa adhani kuwa karani alifungua daftari za ofisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wakiwa wangali msikitini, akamtuhumu. Ilhali karani yule aliingia saa mbili na nusu asubuhi, kiti chake kikiwa mahali pake na mkubwa wake akimtazama. Heshima ya mtu yaweza kuponea au kuangamia katika hesabu ndogo namna hii, na ndiyo sababu mimi huihesabu kazi hii kuwa karibu na kazi ya kadhi: yataka subira, yataka insafu, na yataka kuogopa kumdhulumu asiye na hatia kuliko kuogopa kuonekana mzito.

Wala fani hii si changa. Katika karne ya 9 huko Baghdad, mwanafalsafa Al-Kindi aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu kila herufi hutokea mara ngapi. Mwaka 1883 mjuzi wa maandishi ya siri, Auguste Kerckhoffs, naye akahoji kuwa mfumo wa siri hauna budi kubaki salama hata adui akiujua wote, maadamu hajaupata ufunguo. Ufunguo wetu wa kila siku, yaani namba ya siri ya tarakimu 4, una namna 10,000 za kupangika. Mwenye kuchagua mwaka wake wa kuzaliwa amezipunguza mwenyewe zikawa chini ya 100.

Lakini yote hayo hayamfai kitu mchuuzi wa samaki wa Mkokotoni, au mvuvi aliyevuka kutoka Tumbatu, ikiwa simu yake inapokea ujumbe wa matapeli usemao kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii. Ujumbe huo hupelekwa kwa umati wa watu bila kuwajua, na katika umati hakosekani mmoja ambaye kweli alikuwa akikusudia kumpelekea mtu pesa siku hiyo. Hapana mashine iliyovunjwa. Imevunjwa imani ya mtu. Dawa yake si programu, bali ni kijana aliyejifunza ambaye ataketi na wazee wake dikoni, awaambie kwa staha kwamba kabla ya kutuma wampigie mwenzao kwa namba waliyoizoea na kuisikia sauti yake, na kwamba namba ya siri haambiwi hata wakala. Kwangu mimi mafunzo yasiyofika hapo hayajatimia.

Nanyi wakuu wa ofisi za Mkokotoni, makao ya Mkoa wetu wa Kaskazini Unguja, mnaotunza majina ya watu na habari za mali zao na maradhi yao, likizo kubwa ijayo mpokeeni japo mwanafunzi mmoja. Mkabidhini kwa fundi mwenye subira, mpeni kazi ya kweli badala ya kumtuma chai, na nauli yake ya daladala mlipieni.