Kukiri, Kuungama na Kulalama: Nguvu ya Neno katika Usemi wa Kikristo

Katika lugha ya mahakama kitenzi -kiri hakina utata. Mshtakiwa hukiri kosa, mdaiwa hukiri deni. Kosa lilikwisha kutendwa na deni lilikwisha kuwapo; kukiri hakuumbi chochote, bali ni kukubali jambo mbele ya mwenye mamlaka ya kulisikia. Katika mahubiri ya makanisa mengi ya kipentekoste ya mijini, hata hivyo, kitenzi hicho hicho kimegeuzwa kikatazama mbele. Muumini hukiri uzima akiwa kitandani, hukiri nyumba akiwa angali mpangaji. Kinachokiriwa hakijawapo, na kinywa ndicho kinachotarajiwa kukileta. Mgeuko huu unastahili kuhakikiwa kama suala la utanzu, si la imani pekee, kwa kuwa kila utanzu huamua ni lipi liwezalo kusemwa ndani yake na ni nani atakayenyamazishwa.

Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ile ya Union Version, ina sehemu yake katika historia hii. Kitenzi cha Kiyunani homologeo, ambacho viungo vyake hubeba maana ya kusema jambo lile lile, kinatokea katika Warumi 10:9 na pia katika 1 Yohana 1:9. Katika fungu la kwanza, ambapo anayetajwa ni Yesu, wafasiri walitumia -kiri. Katika la pili, ambapo kinachotajwa ni dhambi, walitumia -ungama. Mgawanyo huu si kanuni isiyovunjwa katika Biblia nzima, lakini uliwapa wasemaji vitenzi viwili palipokuwa na kimoja. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini nchini Rwanda ukaenea Uganda na Kenya katika miaka ya 1930, ulijengwa juu ya kuungama: msemaji alisimama mbele ya ndugu akasimulia aliyoyatenda, na wakati uliotawala usimulizi wake ulikuwa uliopita. Mafundisho ya kukiri yaliingia baadaye kutoka Marekani, yakiwa na chimbuko katika maandishi ya E. W. Kenyon (1867–1948) na kuenezwa zaidi na Kenneth Hagin (1917–2003). Haya yalikikuta kitenzi -kiri kikiwa tayari kimezoea kusimama kando ya wokovu.

Tofauti ya tanzu hizi hudhihirika katika sarufi. Ombi la kale hutumia hali tegemezi: niponye, utuhurumie. Umbo hilo lina nafsi mbili, aombaye na aombwaye, nalo huacha uamuzi mikononi mwa wa pili. Tamko la kukiri hutumia -me- na -a-: nimepona, napokea, nakataa. Nafsi ya pili hutoweka, au huwa ni ugonjwa wenyewe unaoamrishwa uondoke. Kisarufi, Mungu amekuwa nafsi ya tatu katika mazungumzo ambayo hapo awali yalielekezwa kwake.

Watetezi wa mafundisho haya huegemea zaidi Mithali 18:21, fungu linalouhusisha ulimi na mauti na uzima. Kasoro ya usomaji wao ni ya kiutanzu: methali inasomwa kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Mswahili asiyejua hata herufi moja hawezi kufanya kosa hilo. Anajua kwamba haraka haraka haina baraka, na anajua pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hasumbuki, maana kila moja ina mahali pake. Kitabu cha Mithali chenyewe kinaweka katika 26:4–5, bega kwa bega, agizo la kutomjibu mpumbavu na agizo la kumjibu. Sura ya 18 nayo imejaa mambo ya baraza: upendeleo katika hukumu, mchongezi, ajibuye kabla ya kusikia, mlalamishi wa kwanza aonekanaye kuwa na haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Katika baraza la namna hiyo ulimi wa shahidi huua au huponya kweli. Hiyo ni nguvu kubwa, lakini ni nguvu ya neno kati ya watu.

Je, baraka ya Isaka katika Mwanzo 27, ambayo haikuweza kurudishwa hata baada ya hila kugunduliwa? Wataalamu kadhaa wa Agano la Kale waliona hapa imani kwamba neno ni kama mshale uliokwisha kuachiwa. Anthony Thiselton aliipinga rai hiyo mwaka 1974 akitumia nadharia ya vitendo-usemi ya J. L. Austin, iliyochapishwa mwaka 1962: baraka hairudi kwa sababu jamii ile haikuwa na desturi ya kuitangua, si kwa sababu sauti imebeba nguvu. Hoja yake inaungwa mkono na masimulizi yenyewe sura mbili mbele, Yakobo anapoozwa Lea kwa hila. Ndoa haitanguki, na hakuna msomaji anayedai kwamba ilifungwa na uchawi wa maneno.

Ushahidi mzito zaidi umo katika Matendo 19. Wana saba wa Skewa wanatamka jina la Yesu bila kukosea, kisha pepo anawauliza wao ni nani, na mtu mwenye pepo anawarukia hata wanakimbia uchi wamejeruhiwa. Luka anaisimulia kadhia hii kwa ucheshi ambao wahubiri wengi huuruka. Dua la kuku halimpati mwewe: maneno yalikuwa sahihi, uhusiano ndio uliokosekana.

Gharama ya yote haya humwangukia mgonjwa. Maamkizi ya Kiswahili yana busara yake: habari ni njema, halafu huja ile “ila”, na baada ya “ila” ndipo mtoto anaumwa na karo haijalipwa. Anayefundishwa kwamba kuutaja ugonjwa ni kuukaribisha amenyang'anywa “ila” yake. Asipopona, kosa ni la kinywa chake. Rafiki zake Ayubu walifikia hukumu ya namna hiyo kwa njia nyingine: anayeteseka ndiye wa kulaumiwa. Lakini Ayubu, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake katika sura ya 3, ndiye anayetajwa katika 42:7 kuwa amenena yaliyo sawa, na watetezi wa Mungu ndio wanaokemewa.

Walter Brueggemann alionyesha mwaka 1986 kwamba jamii ya waumini inayoacha maombolezo hupoteza pia uwezo wa kuuliza juu ya haki. Utanzu huo haukosi mifano. Zaburi ya 88 inamwendea Mungu kwa malalamiko tangu mwanzo hadi mwisho, haina mgeuko wa sifa, na katika Kiebrania neno lake la mwisho ni giza. Waliozikusanya zaburi hawakuiongezea ubeti wa kuifariji, wala hawakuiondoa.